Kwa Nini Mchunga Hutangulia Asali Kwemashui

Anayetafuna na ameze kwanza, maana kisa hiki ni cha vinywa na hakitaki kelele za meno.

Zamani, wakati msitu ulikuwa bado unafika mpaka nyuma ya nyumba, watu wa Kwemashui hawakuhitaji kukaa na mtu ili wamjue. Walimtazama anakula nini. Aliyependa ndizi mbivu alihesabiwa mvivu, hata kama alilima kuanzia alfajiri. Aliyekwangua ukoko wa chungu alisemwa kuwa atazeeka na uchoyo. Mla pilipili ana hasira lakini hana fitina, mla mtindi ana subira, na anayetafuna mfupa mpaka uwe unga asiambiwe siri. Hakuna aliyejua mambo hayo yalianzia wapi. Walizaliwa wakayakuta, wakayaamini, kisha wakawarithisha watoto wao pamoja na majembe.

Juu ya yote hayo kulikuwa na bakuli nne. Zilikaa kwenye jiko kuu, lile banda la katikati ya kijiji ambamo chakula cha sherehe kilipikwa. Mshika bakuli alikuwa Bibi Mnyawami, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa ili isikike. Mtoto akifika miaka saba, bibi harusi akiletwa, mgeni akiomba ardhi, wote waliketishwa mbele ya bakuli hizo wakaambiwa, "Kula unachopenda." Ya kwanza ilikuwa na asali, ya pili mtindi, ya tatu pilipili. Ya nne ilikuwa na mchunga, yale majani ya porini yenye utomvu mweupe, yaliyochemshwa bila kumwagwa maji ya kwanza, kwa hiyo uchungu wake wote ulikuwemo. Aliyegusa asali alikuwa mtu wa huruma, akapewa dhamana. Aliyegusa mchunga alikuwa na moyo mchungu. Huyo hakupewa mtoto wa mwenzake ambebe, hakuchota kwenye chungu cha wote, wala hakuvuka kizingiti cha ghala la mbegu.

Kusema kweli, miaka mingi ilipita bila mtu kugusa mchunga. Akina mama hawakuwa wajinga. Walimfundisha mtoto mapema, wakamfinya kidogo kila mkono wake ulipokosea njia, mpaka mkono ukajua wenyewe kwenda kwenye asali. Basi Kwemashui nzima ikawa ya watu wenye huruma, na wenyewe walikuwa wakishangaa ugomvi wao ulitoka wapi.

Hoza alitoka ng'ambo ya milima, upande ambao mchunga ni mboga kama mboga nyingine. Alikuwa binti wa mfinyanzi, mwenye maneno machache na mikono mikubwa, na aliolewa na Mhina wa Kwemashui kwa sababu walikutana gulioni wakapendana, basi. Hakuna aliyemweleza habari za bakuli. Mhina mwenyewe alisahau, kama wanaume wanavyosahau mambo ya jikoni mpaka chakula kichelewe. Siku Hoza alipoletwa alikuwa ametembea tangu alfajiri, na njaa ilikuwa inamuuma. Akaiona asali, akauona mtindi, akaiona pilipili. Kisha ikamfikia harufu ya mchunga, harufu ya jikoni kwa mama yake aliyemwacha asubuhi ileile. Machozi yakamlenga. Akaivuta bakuli ya nne, akala yote, akalamba vidole.

Vigelegele vilivyokuwa vimeshafika kooni vikamezwa.

"Umeshiba, mwanangu?" Bibi Mnyawami akauliza.

"Nimeshiba, bibi, ahsante. Mtanifundisha mnavyoupika. Huu wenu ni mtamu kuliko wa kwetu."

Maskini Hoza! Angetukana ingekuwa nafuu. Wanawake waliokuwa karibu yake walisogeza watoto wao nyuma, na kabla ya jua kuzama wazee walimwita Mhina wakamshauri amrudishe kwao huyo mwanamke akiwa bado hajafungua mzigo. Mhina alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alijibu mpaka leo wanamkumbuka. "Mimi nimeoa mtu," alisema, "sikuoa bakuli."

Wakamwambia basi akae naye ng'ambo ya kijito. Huko wakajenga. Kwa kuwa Hoza hakuruhusiwa kuchukua mbegu kwenye ghala la wote, alijiwekea zake mwenyewe kama alivyomwona mama yake akifanya: alichagua masuke mazuri kila mavuno, akapukuchua, akachanganya na majivu, akatia kwenye vibuyu, akavitundika juu ya jiko lake ili moshi uzuie wadudu. Watoto wa kijiji walikuwa wakivuka kijito kuiba kunde zake. Yeye alijifanya haoni, na kwa kuwa alipenda watoto, baadaye alianza kuziacha zile bora karibu na njia.

Hoza alikuwa ameshavuna mara moja huko ng'ambo alipofika kijijini mgeni aitwaye Saguti. Alikuwa kijana wa sura nzuri, mwenye pengo dogo lililomfanya kila anapocheka aonekane mnyofu. Alipoketishwa mbele ya bakuli hakusita. Alichovya kidole kwenye asali, akafumba macho, na chozi moja likamtoka. Watu wakagusana viwiko. Hawakuwa wamewahi kuona mtu anayelizwa na asali, na kama kulamba tu kulimaanisha huruma, je, kulia?

Haikupita miezi mitatu akapewa ufunguo wa ghala la mbegu. Ulikuwa mmoja tu, wa mti, wenye meno matatu, na mshikaji aliuvaa shingoni. Saguti aliuvaa kwa unyenyekevu hata wazee wakaona haya kwamba hawakumpa mapema. Alijua jina la kila mtoto. Aliwaamkia wakubwa kabla hawajamwona. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini methali hiyo Kwemashui walikuwa wameiacha kwa wasio na bakuli.

Siku moja Hoza alikuwa akiokota kuni ukingoni mwa kijito, upande wake. Upande wa pili Bibi Mnyawami alikuja kuchota maji, akateleza, mtungi ukavunjika, naye akaanguka mguu ukiwa umekunjika chini yake. Akapiga ukelele. Saguti alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka pale. Hakukimbia. Alimtazama yule mama mzee anavyojinyonganyonga kwa maumivu, akamtazama vilevile unavyotazama jiwe lililoporomoka njiani. Hoza alitupa kuni akaingia majini. Wakati huo sauti za watu zilisikika zikija kutoka mashambani. Saguti aligeuza shingo kuona nani anakuja, na walipotokea kwenye kona ndipo alipoanza kulia, akamrukia bibi, akambeba mgongoni huku akimwita mama yangu, mama yangu. Bibi Mnyawami alipoinua kichwa alimwona Hoza katikati ya kijito, amelowa mpaka kiunoni. Akageuza uso.

Hoza alimwambia Mhina peke yake.

"Labda alishtuka," Mhina akasema. "Wengine wakishtuka huganda."

"Labda," Hoza akajibu.

Mwaka uliofuata Hoza alijifungua mtoto wa kike. Kwa desturi ya Kwemashui, mtoto akitimiza siku arobaini huletwa jiko kuu, mshika bakuli humnyanyua na kumtaja jina mbele ya watu wote, na tangu hapo mtoto ni wa kijiji: ana shamba, ana walezi, ana wa kumzika akifa. Asiyetajwa hahesabiwi. Hoza alikuwa amevumilia mengi ng'ambo ya kijito, lakini hili hakuwa tayari kulivumilia. Alimfunga mwanawe kwa nguo safi, akavuka.

Bibi Mnyawami alikuja akichechemea kwa mkongojo. Hakuwa mkatili, mwelewe hivyo. Aliamini tu alichokuwa anakiamini.

"Mtoto hana kosa," alisema. "Lakini siwezi kumtaja mtoto wa mtu ambaye kijiji hakimjui moyo. Badili kinywa chako, mwanangu. Kula asali mbele yetu, nami nitamtaja sasa hivi."

Hoza angekula mawe kwa ajili ya mtoto yule. Alichukua kijiko kilichojaa, akakitia kinywani. Sasa, kuna watu ambao asali haipiti kooni mwao, hawakupanga hivyo, wamezaliwa hivyo. Koo lilifunga. Alijaribu kumeza mara mbili, macho yakamtoka, na mara ya tatu asali yote ikarudi, na nyingine ikaiangukia nguo ya Bibi Mnyawami. Watu wakaguna. "Moyo umekataa," wakanong'onezana. Bibi alifuta nguo yake taratibu akasema ajaribu tena kabla ya siku ya kupanda. Ikishindikana, mtoto atabaki bila jina.

Siku ya tatu baada ya hapo, mchana, Mhina akiwa shambani, Saguti alivuka kijito.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

Akaketi kizingitini, akamtazama Hoza akipepeta mtama. "Unajitesa bure," akasema. "Usimeze. Iweke shavuni, tabasamu, halafu uende ukaiteme nyuma ya banda. Mimi mwenyewe asali siipendi. Wala siichukii. Chakula chote kwangu ni kimoja, kinajaza tumbo. Nilipokuwa njiani kuja huku niliuliza watu, hao wanapenda kuona nini? Nikaambiwa. Nikawaonyesha."

Hoza aliuacha ungo ukatulia mapajani. "Na siku Bibi alipoanguka?"

"Nini?"

"Ulimwangalia kwanza."

Saguti akafikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa. "Alikuwa ameshaanguka," akasema. "Ningefanya nini, na hakukuwa na mtu?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti ileile aliyowasalimia nayo watoto, na hiyo ndiyo iliyomtisha Hoza. Akamvuta mwanawe kifuani.

"Kwa nini unaniambia mimi mambo haya?"

"Wewe? Nani atakuamini wewe, shemeji?" Akainuka, akamgusa mtoto kidevu kwa kidole, akaenda zake akipiga mluzi.

Hata hivyo Hoza aliufikiria ushauri ule. Msinitolee macho, ni nani kati yenu asingeufikiria? Kuweka shavuni, kutabasamu, kutema. Jambo dogo, na mtoto anapata jina. Mara mbili alijaribu peke yake kwa maji. Lakini kila alipotabasamu huku shavu limejaa, alijiona anafanana na yule kijana, naye alimwogopa kuliko alivyoogopa kutengwa.

Kabla hajakata shauri, mawingu yakakusanyika na siku ya kupanda ikafika. Wanawake walikwenda ghalani na vikapu vyao. Saguti alifungua mlango kwa heshima, akasimama pembeni. Walichota vikapu vitatu, vinne, na cha tano kikatoka na makapi. Wakachimba zaidi. Mbegu zilikuwa zimetandazwa juu tu, kama sukari juu ya andazi. Chini yote yalikuwa makapi na vumbi.

Saguti alijitupa chini akalia mpaka akapaliwa. "Nimewaangusha, wazazi wangu! Nilimwona yule mla mchunga akizungukazunguka hapa, nikamhurumia kwa sababu ya mtoto, nikanyamaza. Huruma yangu ndiyo imewaua!"

Waliamini. Kwa nini wasiamini? Hoza alipoitwa alieleza yote, siku ya kijitoni, na maneno ya Saguti kizingitini, na hakuna aliyemtazama usoni. Mtu mmoja alisema kwamba moyo mchungu hauoni jambo jema bila kulitemea mate. Wazee wakaamua Hoza aondoke na mtoto wake kesho yake asubuhi. Mhina angechagua mwenyewe.

Mhina alikuwa ameshachagua. Alirudi nyumbani akaanza kufunga mikeka. "Twende kwenu," akasema. "Mbegu tunazo, vibuyu kumi na kimoja. Tutapanda kwa mama yako. Hawa waache wale huruma zao."

Hoza aliteremsha vibuyu kimoja kimoja kutoka juu ya jiko, vyeusi kwa moshi. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Aliwaza jinsi watakavyolia mwezi wa tatu, mashamba yamejaa maji na hakuna kilichoota, na kwa muda mfupi aliona raha kuwaza hivyo. Kisha akasikia kishindo cha miguu midogo huko nje, wale wezi wake wa kunde, wakinong'onezana na kucheka. Hao ndio wangeanza kufa. Njaa huanza na wadogo. Na yule aliyekuwa amelala mkekani, ambaye hana jina, angekua akijua kwamba mama yake alikuwa na vibuyu kumi na kimoja siku hiyo akaondoka navyo.

"Funga polepole," akamwambia Mhina. "Kwanza nina mchunga wa kupika."

Asubuhi watu walikusanyika jiko kuu kumwona akiondoka. Walimwona akivuka kijito, mtoto mgongoni, chungu kikubwa kichwani, Mhina nyuma yake na vibuyu vimening'inia kwenye mti alioubeba begani. Hoza aliweka chungu chini, akavipanga vibuyu kando yake, akakifungua cha kwanza. Mtama ukamwagika kiganjani, safi, mzito. Wanawake wakashika vifua.

"Hizi ni mbegu zangu," alisema. "Mkipanda kwa kubana zitafika kila shamba, hazitatosha kushiba lakini zitatosha msizike mtu. Nawapa. Ila kila anayechukua ale kwanza kibano kimoja cha vidole kutoka kwenye chungu hiki. Mmenihukumu kwa ladha ambayo hamuijui. Ijueni kwanza, halafu mnifukuze."

Aliyeanza alikuwa mzee mmoja mwenye njaa na haraka. Alikula, akakunja uso mpaka masikio yakasogea, akataka kutema, na mke wake akamziba mdomo kwa kiganja. Mtu mmoja akacheka. Wakafuata wengine, wakikohoa, wakitikisa vichwa, wakiombana maji, na watoto wakilia na kurudi tena kuona kama bado ni uchungu uleule. Jambo la ajabu, hakuna aliyegeuka mbaya. Mla mchunga wa dakika moja alibaki na moyo wake uleule wa asubuhi.

Ikafika zamu ya Bibi Mnyawami. Alichovya vidole, akala. Hakukunja uso. Mkono wake ukarudi chunguni. Ukarudi mara ya tatu. Akakaa chini palepale kwenye majivu, mkongojo ukaanguka, naye akaendelea kula huku machozi yakimtiririka, na hayo hayakuwa yametazama kwanza nani anaangalia.

"Mama yangu alinifinya mkono huu mpaka ukavimba," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Nimelamba asali miaka sitini, na hakuna siku hata moja nimeipenda."

Hapo mambo yakafumuka. Mwanamke mmoja akasema mtindi humharisha tangu utotoni. Fundi mmoja aliyeogopwa kwa pilipili akakiri kwamba hulia kila akila na huendelea kwa sababu ya heshima. Mwingine akasema asali imemmaliza meno, akayaonyesha. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, maana kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake.

Katikati ya kicheko hicho Saguti alisogea, akachukua kibano kikubwa kuliko cha wote, akatafuna, akatabasamu kwa lile pengo lake. "Mtamu!" akasema. "Sijapata kula kitu kitamu namna hii, shemeji!"

"Mnaona?" mtu akapaza sauti. "Hakukunja uso! Asiyekunja uso ndiye mwizi!"

"Bibi naye hakukunja," mwingine akajibu.

"Basi anayekunja ndiye mwizi?"

"Tumekunja wote!"

Hoza alipiga kofi ubavu wa chungu kikalia. "Mnaanza tena!" akasema, na safari hii sauti yake ilipanda. "Mnataka bakuli ya tano? Achaneni na vinywa vya watu! Ghala lina ufunguo mmoja. Uko shingoni kwa nani?"

Lilikuwa swali dogo, swali ambalo mtoto angeuliza, na kijiji kizima kiliona aibu kwamba hakikuliuliza. Tangu jana walikuwa wamejadili nani anakula nini, na hakuna aliyekumbuka kwamba mlango haukuvunjwa.

Mkono wa Saguti ulikwenda shingoni. Alitazama huku na huku kuona nani anamtazama, na walikuwa wote. Machozi yakaanza kumtoka, kwa urahisi kama siku zote, lakini sasa watu waliyaona tu kama maji. "Twende kwako," Bibi Mnyawami akasema. Walikuta makanda mawili ya ghala, mifuko ya kusukwa yenye ukindu mweusi ukingoni, yamejaa mbegu, na alama sakafuni za mengine mengi yaliyokuwa yamekaa hapo na kuuzwa mbali. Saguti aliacha kulia kama mtu anayevua kofia. "Mlinipa wenyewe," akasema, wala hakuonekana kuona haya. Kikulacho ki nguoni mwako. Walimvua ufunguo, wakampa chakula cha njiani ili wasiwe na deni naye, wakamsindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Inasemekana huko mbele alikutana na watu, akawauliza kijiji kinachofuata wanapenda kuona nini.

Mbegu za vibuyu na zile za makanda mawili ziligawanywa kiganja kwa kiganja. Mvua ilinyesha usiku uleule. Mwaka huo watu walikonda, lakini hawakuzika mtoto hata mmoja, na waliokuwa na kunde walimletea Hoza kidogo kidogo bila kusema ni za nini.

Kabla hawajatawanyika siku ile, Bibi Mnyawami alisimama mbele ya Hoza. "Nilikuona majini," akasema. "Siku nilipoanguka. Ulikuwa unakuja kwangu."

"Ndiyo, bibi."

"Nilijua. Nilijua, nikaiamini bakuli."

Hoza hakusema amesamehe. Alikuwa bado na donge lake, na donge haliyeyuki kwa siku moja hata kama watu wote wamelia. Alifungua mbeleko, akamtoa mwanawe, akamweka mikononi mwa yule mama mzee. Bibi Mnyawami alimnyanyua mtoto juu ya vichwa vya watu, na akamtaja kwa jina lake mwenyewe, Mnyawami, ili kila atakayeliita jina hilo amtaje pia mtoto wa mla mchunga. Kisha akazichukua zile bakuli nne, akaosha tatu, akawapa akina mama wapakulie watoto uji. Ya mchunga aliondoka nayo nyumbani kwake.

Na tangu siku hiyo, karamu yoyote Kwemashui huanza na mchunga, kabla hata ya asali. Hupita chungu kimoja, maji ya kwanza hayamwagwi, na kila mtu, mwenyeji na mgeni, huchukua kibano kimoja. Anayependa hurudia, asiyependa hukunja uso watu wakacheka, na hakuna anayeandikiwa lolote kwa hilo. Ghala la mbegu lina funguo mbili, halifunguki bila zote mbili, nazo zinashikwa na watu wawili wasio ndugu. Mgeni akiomba ardhi hupewa, lakini halindi kitu cha wengine mpaka awe amevuna nao mara mbili, mwaka wa neema na mwaka wa shida. Na ukimuuliza mtu wa Kwemashui jirani yake ni mtu wa namna gani, hatakwambia anapenda kula nini. Atakwambia, "Nililala na homa siku tisa, yeye ndiye aliyenichotea maji." Au atanyamaza, nawe utakuwa umejibiwa.